Kadi ya Sikukuu ya Mtoto: Mkono wa Mkubwa Ukae Wapi?

Familia nyingi za Shinyanga na Geita husherehekea sikukuu zikiwa zimetawanyika. Baba yuko Nyarugusu au Rwamgasa anafukuzia mwamba wa dhahabu. Mama yuko Kishapu na jembe, kwa sababu mvua za Novemba na Desemba hazimsubiri mtu. Watoto wawili wanalelewa na bibi, na kaka yao mkubwa ameajiriwa mgodini kwa zamu. Migodi mikubwa ya ukanda huu, ukiwemo ule wa Geita ulioanza uzalishaji mwaka 2000, huendeshwa usiku na mchana, na zamu ya tarehe 25 Desemba nayo lazima ipate watu. Kwa wachimbaji wadogo hali huwa ngumu zaidi: rashi mpya, yaani mkimbilio wa dhahabu, ikilipuka Mbogwe au Nyang'hwale, mtu hukunja turubai lake akahama usiku uleule, na nyumbani wanapata habari baada ya wiki.

Ndiyo maana kadi ya sikukuu inayochorwa na mtoto naipa uzito kuliko inavyozoeleka. Wengi huichukulia kama mchezo wa kuwatuliza watoto shule zikifungwa. Mimi naona ni njia ya mtoto ambaye bado hawezi kuandika aya nzima kumweleza mtu aliye mbali mambo ya nyumbani. Njia hiyo ina sharti moja tu, na wakubwa hulivunja kwa nia njema kabisa: mchoro uwe wa mtoto mwenyewe.

Kadi ya dukani ilianza kwa lengo tofauti. Mwaka 1843 Henry Cole, mtumishi wa serikali jijini London aliyeshiriki mageuzi ya posta yaliyoleta stempu ya peni moja mwaka 1840, alijikuta na lundo la barua za Krismasi zinazodai majibu. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee picha moja ya familia iliyo mezani. Zikapigwa chapa nakala 1000 hivi, na zilizouzwa ziliuzwa shilingi moja moja. Mtumaji alibakiwa na kazi ya kujaza jina la mpokeaji na lake mwenyewe. Yaani kadi ya kuchapwa ilibuniwa ili mwenye shughuli nyingi asilazimike kuandika. Picha za kengele na mishumaa zinazosambaa leo kwenye simu zetu kila Desemba zimefuata nyayo hizo hizo, na kwa mtu mwenye marafiki mia mbili zina manufaa yake.

Kadi ya mtoto ina ukoo mwingine. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, UNICEF ilipeleka misaada katika kijiji kimoja cha Czechoslovakia. Msichana wa miaka 7, Jitka Samkova, akachora picha ya shukrani. Karatasi hazikuwepo, akachora juu ya kioo. Mchoro huo ukawa kadi ya kwanza ya salamu ya UNICEF mwaka 1949, mwanzo wa kadi zilizochangisha fedha za miradi ya watoto kwa miongo mingi. Kinachonigusa ni alichokichora: watoto wakicheza kuizunguka nguzo iliyopambwa. Mkubwa akiambiwa achore shukrani atachora magunia ya msaada na mikono inayopokea. Mtoto alichora kile ambacho msaada ulikirudisha.

Nirudi kwetu. Nimewahi kuonyeshwa, pale Katoro, kadi ya mtoto wa darasa la pili aliyemchorea baba yake mchimbaji. Juu kuna nyumba ya bati na mbuzi ambaye miguu yake minne imepangwa mstari mmoja. Chini ya nyumba umepita mstari mnene wa kahawia, nao ndio ardhi. Chini ya mstari huo kuna duara, yaani shimo la machimbo: limeshuka hadi ukingo wa karatasi, kamba inaning'inia katikati, na kule chini kabisa amesimama baba, mkubwa kuliko nyumba, tochi kichwani, meno yote nje. Aliyekuwa akimsimamia alitaka mtoto arudie. Hoja zake zilikuwa mbili: mtu aliye ardhini haonekani, na baba hawezi kuwa mkubwa kuliko nyumba.

Kwa macho ya mkubwa hoja hizo ni sahihi. Lakini mtoto hachori kwa macho peke yake. Mfaransa Georges-Henri Luquet, aliyefuatilia kwa miaka michoro ya binti yake mwenyewe, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1927 kwamba mtoto wa umri huo huchora anachokijua zaidi ya anachokiona. Anajua baba yumo ndani ya shimo, kwa hiyo ardhi inafunguka ili baba aonekane. Anajua mbuzi ana miguu minne, kwa hiyo yote minne lazima ihesabike. Viktor Lowenfeld, mzaliwa wa Austria aliyefundisha Marekani, akaongeza mwaka 1947 kwamba ukubwa wa kitu katika mchoro wa mtoto hufuata uzito wa kitu hicho moyoni mwake. Baba ameizidi nyumba kwa sababu, kwa mtoto yule, ameizidi kweli.

Sasa mfikirie baba aliyeipokea kadi ile. Anaona kwamba mwanawe anajua alipo, na anajua kazi inavyofanyika. Anaona pia kwamba kamba inamkaa mtoto akilini, maana imechorwa kwa kalamu iliyokandamizwa mpaka karatasi ikaingia shimo dogo. Kamba ile inaweza kumfanya akague ya kwake kabla ya kushuka tena. Habari hizo zote zingefutika kama mtoto angechorewa nyumba yenye vipimo sahihi, na baba wa saizi ya kawaida aliyesimama mlangoni.

Kwa hiyo mkubwa aiweke penseli chini. Asimshike mtoto mkono, na asimchoree mfano pembeni, maana mfano hugeuka amri: watoto arobaini wa darasa moja watatoa maua arobaini yanayofanana. Lowenfeld alipinga hata vitabu vya picha za kupaka rangi kwa sababu hiyo, kwamba mtoto akizoea kujaza mistari ya mwingine huanza kuionea haya mistari yake. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa, ingawa sioni ubaya wa kitabu hicho siku ya mvua mtoto akiwa amekwisha kuchora yake.

Kinachofaa ni swali. Tumezoea kuuliza, "Hiki ni nini?" na mtoto anasikia kwamba amekosea, kwani kama angepatia kingejulikana. Afadhali kumwambia, "Haya, nieleze," kisha kunyamaza. Na kabla hajaanza, lipo swali ambalo sijaona likishindwa kumpa mtoto la kuchora: "Baba akiingia leo, atakuta nini kimebadilika?" Hapo ndipo yanapotoka mambo: mbuzi amezaa mapacha, ukuta wa jikoni umeanguka, dada ameng'oka jino, bibi amenunua miwani. Swali la "Krismasi ni nini?" huzaa mti wenye theluji.

Na theluji hiyo ni jambo la kutazama. Watoto wa Kahama ambao hawajawahi kuiona huichora kwa ustadi kwa sababu kadi zote za dukani wanazozijua zimejaa theluji. Simlaumu mtoto, amechukua alama aliyopewa. Ila Desemba ya huku ina sura yake. Mahindi yamefika kwenye magoti, mbuga zimeshika maji, kumbikumbi wanaruka jioni baada ya mvua na watoto wanawakimbiza na ndoo. Ngitili, yale malisho ya akiba ambayo mradi wa HASHI ulisaidia kuyafufua mkoani Shinyanga kuanzia mwaka 1986, huwa zimefungwa ng'ombe wasiingie ili nyasi zikue. Yako mawe makubwa yaliyobebana nyuma ya vijiji. Lipo daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lililofunguliwa mwaka 2025, ambalo wasafiri wa kwenda Geita kupitia Mwanza hulisimulia wakifika nyumbani. Mtoto akipelekwa nje na daftari kwa nusu saa kabla ya kushika karatasi ya kadi, theluji hupungua yenyewe bila kukatazwa.

Wapo wanaosema kuchora si jambo letu, ni la shule za Kizungu. Hapo napinga kwa nguvu. Mwaka 1953 Hans Cory alichapisha kitabu kuhusu michoro ya ukutani ya vyama vya wacheza na nyoka Tanganyika, wale ambao Wasukuma huwaita Bayeye. Ndani ya nyumba zao, kuta zilijaa watu, nyoka na wanyama waliochorwa kwa rangi za udongo, majivu na mkaa, na michoro hiyo ilitumika kuwafundisha wanachama wapya. Mababu wa watoto hawa walifundisha kwa picha ukutani.

Umri nao una hoja yake. Mtoto wa miaka mitatu atatoa mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo ni kadi kamili; mkubwa aandike nyuma tarehe na jina. Wa miaka minne au mitano atatoa mtu ambaye miguu inaanzia kichwani, naye aachwe hivyo. Shida huanza kwenye miaka tisa au kumi, pale mtoto anapoulinganisha mchoro wake na wa mwenzake na kusema, "Mimi sijui kuchora." Huyu hasaidiwi na sifa za uongo. Apewe kitu halisi cha kukitazama, sufuria au kandambili ya baba iliyobaki nyumbani, akichore polepole kwa kukitazama zaidi ya anavyoitazama karatasi. Akikataa kabisa, akate nusu ya kiazi, achonge nyota au jani, achovye kwenye rangi na kugonga mhuri kuzunguka kadi nzima. Atapata pambo safi, na heshima yake itabaki.

Maneno ya ndani huharibiwa na ukarimu uleule wa wakubwa. Mtoto huandikiwa ubaoni, "Nakutakia heri ya Krismasi na baraka tele za Mwaka Mpya," ananakili, na hakuna alichokisema. Salamu iwepo, tena ya heshima, "Shikamoo baba," kwa kuwa hivyo ndivyo angeanza akiwa naye uso kwa uso. Anayezungumza Kisukuma na bibi yake aandike "Mwadila" kama ndivyo anavyomwamkia. Baada ya salamu, sentensi moja ya kweli inatosha: "Mbuzi wako amezaa, mmoja mweusi." Akiandika "sikuku njema," isifutwe. Aliye darasa la kwanza na bado anapambana na KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) aseme, na mkubwa aandike maneno yake kama yalivyotoka mdomoni bila kuyanyoosha.

Sasa vifaa, ambavyo ndivyo kazi halisi ya mkubwa. Manila moja hutoa kadi kadhaa. Kabla ya kuikata, ipindishe kidogo kwa urefu, kisha kwa upana. Upande unaopinda kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi za karatasi, na mkunjo ufuate upande huo. Ukikunja kinyume, manila hupasuka mgongoni na kuacha meno meupe. Weka rula, pitisha mara moja kalamu iliyokwisha wino kwenye mstari wa mkunjo, ndipo ukunje. Mtoto asichore moja kwa moja juu ya manila. Achore kwenye karatasi laini ya kawaida, na mchoro ukishakubalika kwake mwenyewe ndipo ubandikwe mbele ya kadi. Utaratibu huu unaondoa hofu ya kuharibu, na nimeona watoto waoga wakichora kwa uhuru mara tu wakijua kwamba karatasi nzuri haiko hatarini. Uji mwepesi wa unga wa muhogo uliopikwa mpaka ukawa kama gundi unatosha. Upakwe kwa uchache, maana ukizidi karatasi hujikunja, na kadi ilazwe chini ya vitabu usiku mzima.

Pasipo kalamu za rangi, rangi zipo jikoni na shambani: binzari kwa manjano, mkaa kwa weusi, chai iliyokolea kwa kahawia, maua ya rozela yaliyochemshwa kwa wekundu wa zambarau. Udongo ni mzuri kuliko vyote. Mwekundu wa vilimani na mweusi wa mbugani, ukikaushwa, ukatwangwa, ukachekechwa kwa kitambaa na kuchanganywa na ule uji wa muhogo, hutoa rangi nzito inayodumu.

Lakini kwa watu wa machimbo hapa pana hatari, na ni lazima isemwe wazi. Udongo wa rangi usichotwe kwenye mwalo (mahali pa kuoshea mwamba), wala kwenye marudio (mabaki ya mwamba uliooshwa), wala jirani na karasha (mashine ya kusagia mwamba), wala kwenye madimbwi ya maji yaliyotoka huko. Mchimbaji mdogo huosha mwamba uliosagwa kisha hutumia zebaki kukamata dhahabu, na sehemu ya zebaki hiyo hubaki kwenye marudio. Penye uchenjuaji wa sayanaidi kuna sumu nyingine. Zebaki hushambulia ubongo na mishipa ya fahamu, na mtoto anayekua huumia zaidi ya mkubwa. Mwaka 2013 Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu watoto kwenye machimbo madogo ya dhahabu Tanzania, ikiwemo mikoa ya Geita na Shinyanga, na zebaki ilikuwa miongoni mwa mambo makuu yaliyoelezwa humo. Marudio yana rangi za kuvutia, ya kijivu laini na ya kutu, na hayahitaji kutwangwa. Ndiyo hasa sababu mtoto atayakimbilia. Mkubwa aende naye kuchota udongo, mbali na shughuli za uchenjuaji, na mikono ioshwe kazi ikiisha. Unga mweusi wa betri kuukuu, ambao wengi tuliukuta ukitumika kupaka mbao za darasani, nao uachwe. Mkaa hutoa weusi uleule bila madhara ya unga huo.

Wapo watoto ambao kwao kadi ina uzito wa pekee. Shule ya Buhangija, manispaa ya Shinyanga, ilipokea watoto wengi wenye ualbino kufuatia wimbi la mashambulizi dhidi yao lililoanza mwishoni mwa miaka ya 2000, na wengi wao walikaa miaka mingi mbali na wazazi. Mtoto mwenye ualbino mara nyingi haoni vizuri, na mwanga mkali humwumiza. Apewe karatasi kubwa isiyong'aa, kalamu nyeusi nene, na mahali penye kivuli lakini si giza. Aruhusiwe kuinamia karatasi kwa karibu kadiri anavyotaka. Anayemwandikia naye afuate hayo hayo: mistari minene, herufi kubwa nyeusi. Na akijichora, asiambiwe ngozi apake rangi gani.

Kwa Idd mambo ni yaleyale, isipokuwa familia nyingine za Kiislamu hazipendi kuchora viumbe wenye roho. Hilo liheshimiwe bila kumfanya mtoto ajione amenyimwa. Mwezi mwandamo, msikiti wa mtaani kwao wenye bati la bluu, sahani ya tende na mapambo ya maumbo yanayojirudia vinajaza kadi vizuri sana.

Kufikisha kadi ndiko kunakoshinda wengi. Posta yetu hupeleka barua kwenye sanduku, na mchimbaji wa turubai hana sanduku. Itumike anwani ya parokia, ya shule, au ya duka ambalo baba hununua vifaa, ikiwa mwenye sanduku amekubali. Wengi hutuma kwa basi, bahasha ikiwa imeandikwa jina na namba ya simu ya mpokeaji, na njia hiyo inaaminika mradi mpokeaji apigiwe kabla basi halijafika. Kwa vile shule hufungwa mwanzoni mwa Desemba na mabasi hufurika wiki ya Krismasi, kazi ianze Novemba mwishoni. Picha ya kadi kwa simu itumwe pia kama simu ipo, lakini karatasi yenyewe isafiri, kwa kuwa mchimbaji anaweza kuibandika kwenye turubai lake na kuitazama hata betri ikiwa imekufa.

Anayepokea naye ana wajibu. Amtafute mtoto mwenyewe kwenye simu, asiishie kwa mama, na aulize jambo lililo ndani ya mchoro: "Yule mbuzi mweusi ananyonya vizuri?" Mtoto akisikia swali hilo anajua kadi imesomwa. Neno "asante" peke yake halimpi uhakika huo.

Na mtoto asiahidiwe kwamba baba atarudi kwa sababu ya kadi. Baba hurudi kwa nauli, kwa ruhusa ya zamu, au duara likikubali, na mtoto hawezi kubebeshwa mambo hayo. Kadi ikirudi kwa kuwa mwenyewe amekwisha kuhamia rashi nyingine, mtoto aambiwe ukweli kwamba haijamfikia bado. Iwekwe pamoja na vyeti na kadi za kliniki, akabidhiwe siku atakapofika, hata ikiwa ni Machi, na mtoto awepo wakati baba anaifungua ili amweleze mwenyewe alichochora.